Walitaka Tanuru, Wakachukua Kilima

Kuna uongo unaotembea hapa Kolwezi, tena umevaa viatu vya Jumapili. Unasema hivi: Basanga, ndio sisi, walikuwa na tanuru lao la kale la kuyeyushia shaba, wazungu wakataka kulitunza liwe ukumbusho, nao Basanga kwa ujinga wao wakalivunja kwa mikono yao wenyewe. Nimeusikia kwenye harusi. Nimeusikia kwenye matanga, msemaji ameshika kikombe changu cha chai mkononi. Juzi nimeusikia kwa kijana mmoja mwenye shati safi aliyekuwa anatembeza wageni, na wageni wakatikisa vichwa kwa huruma, kama watu wanaotazama mtoto aliyemwaga maziwa.

Mimi sikusoma sana. Shule yangu ilikuwa ya masista: kushona, sala, na kusoma kidogo kidogo. Lakini siku ile nilikuwepo, na udongo wa tanuru ulikuwa umenikaukia mpaka kwenye viwiko. Basi ngoja niseme mimi. Anayetaka kubisha aje nyumbani, ninapokaa panajulikana.

Kijiji chetu kilikuwa chini ya kilima, mwendo wa asubuhi moja kutoka Musonoi, penye shimo la shaba. Kilima chenyewe hakikuwa kirefu. Mgeni angepita bila kugeuza shingo. Miti haikuota vizuri juu yake, maana shaba inakula mizizi. Kulikuwa na nyasi fupi na yale maua madogo ya rangi ya zambarau yanayopenda ardhi yenye shaba. Ukiyaona, ujue chini kuna jiwe la kijani. Wazee wetu walifuata ua hilo kabla mzungu yeyote hajafika na vyombo vyake vya kupimia.

Ubavuni mwa kilima kulikuwa na lundo la mavi ya shaba, ule uchafu mweusi unaobaki jiwe likiisha kuyeyuka. Lilikuwa refu kuliko nyumba. Mababu walilimwaga msimu baada ya msimu, na sisi watoto tuliteleza juu yake mpaka tukachanika makalio, halafu tukapigwa kwa kuchana nguo. Chini yake, kwenye kijito, kulikuwa na mwamba mpana wenye mabonde mabonde, mahali wanawake walipokaa kuosha mawe ya kijani ili udongo utoke. Kila ukoo ulikuwa na bonde lake. La mama yangu nililijua kama mtu anavyojua kiti chake kanisani.

Nilipozaliwa, kazi ya kupika shaba ilikuwa imekwisha kukatazwa. Shaba ilikuwa ya kampuni ya wazungu, hata ile iliyolala chini ya kitanda chako. Lakini kila nyumba ilikuwa na misalaba ya shaba imefichwa darini, maana ndiyo tuliyolipiana mahari zamani, na wazee walioijua kazi walikuwa bado hai. Mkubwa wao alikuwa baba wa mama yangu. Huku kwetu babu tunamwita kambo. Kambo ndiye aliyekuwa mwenye moto, yaani mkuu wa kazi ya tanuru. Aliipata kazi kwa baba yake alipokuwa kijana, na tangu katazo lije alikuwa analima mihogo kama mtu mwingine yeyote, akiwa amenuna.

Mimi wakati huo nilikuwa mke wa mtu. Mume wangu alikuwa Muluba wa Kasai, baba yake aliletwa na treni kuja kuchimba, na yeye alikuwa anapaka mafuta mashine kubwa ya kuchimbia shimoni. Tulikaa kambi ya wafanyakazi Musonoi, nyumba za matofali zilizopangwa mstari kama meno. Kambo hakuwahi kumwita jina lake. Alimwita Mwizi.

"Mwizi, umeniletea bibi yangu?" angeuliza tukifika, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa utani.

"Kambo, we ulikosa meno ya kumutafuna. Mi njo nilimuchukua."

"Chunga. Meno yanaota tena."

Basi walipendana hivyo.

Mwaka ule kiangazi kilipoingia nilienda kumsalimu mama, nikakuta vigingi. Vigingi vya mti vyenye kitambaa chekundu kichwani, vimezunguka kilima chote, kimoja kimepigwa kando kabisa ya mwamba wa kuoshea mawe. Kampuni ilikuwa inapanuka. Mji wa Kolwezi ulikuwa unakua kila upande, mtaa wa Dilala nyumba mpya, barabara mpya, hoteli ya wazungu yenye bustani, na shimo la kwanza halikuwatosha tena. Mama alisema wapimaji walipita bila hata kuomba maji. Mkuu wa kijiji aliambiwa mdomoni tu: jiandaeni, mtahamia kule barabarani.

Wiki hiyohiyo akaja bwana wa teritwari, yaani mzungu wa serikali aliyetawala upande wetu, na karani wake. Karani alikuwa mtu mweusi kama sisi, mwenye tai na kofia ngumu, anatoka mbali, na Kiswahili chake alikitoa puani. Walikaa kwenye viti walivyokuja navyo.

"Bwana anasema," karani akatangaza, "kuko bageni banakuja na treni, batu bakubwa na bibi zabo. Banataka kuona vile batu ba zamani balikuwa banapika shaba. Mukibaonyesha muzuri, na tanuru ikiwa ya kweli, bwana ataandika huu mulima kuwa kitu cha ukumbusho. Mashine itazunguka. Haitagusa."

"Na kijiji?" kambo akauliza.

"Kijiji vilevile kitabakia."

"Anaapa?"

"Tata, muzungu haapi. Muzungu anasema tu."

"Njo maana nauliza," kambo akajibu, na wanawake nyuma wakacheka, na karani hakutafsiri.

Walipoondoka kijiji kiligawanyika. Mama yangu alikuwa upande wa kukataa. Alisema, walitufungia watu jela kwa kupika shaba, leo wanataka tuipike kama ngoma ya sikukuu, wao wamekaa wanakunywa bia. Tuwapikie ili watuangalie? Maneno hayo yalikuwa ya haki na mimi nilimuunga mkono. Lakini kambo alikuwa anatazama vile vigingi.

"Kama moto njo utabakisha kilima," akasema, "tutawasha moto. Aibu mi nitaibeba. Ninyi mutabakia na pa kukaa."

Kwa hiyo msije kuniambia hatukutaka kutunza kitu. Mzee yule aliuza haya yake ili kilima kibaki.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi kazi ile inavyokwenda, kwa sababu hapa ndipo wote wanaosimulia huruka. Tanuru letu halikuwa nyumba ya kukaa milele. Lilijengwa kila kiangazi baada ya kuvuna mtama, kwa udongo wa kichuguu, maana mchwa amekwisha kuutafuna ukawa laini na moto hauupasui. Siku ya kukanda udongo, wanaume wa kazi walitoka nyumbani wakaenda kulala juu kilimani kwenye vibanda vya nyasi. Kuanzia hapo hakuna kugusa mke. Wanawake tuliokuwa tunaosha mawe nasi hatukugusa mume. Hakuna kugombana, hakuna kupaka mafuta ya kunukia. Watu wote mmefungwa kwenye tanuru kama mbuzi kwenye kamba. Na kinachowafungua ni kitu kimoja tu: shaba ikiisha kutoka, mwenye moto anashika gogo analivunja tanuru mpaka chini, na vipande vinatupwa juu ya lundo pamoja na mavi ya shaba. Hapo kazi imelala. Wanaume wanashuka, kila mtu kwake. Tanuru likiachwa limesimama, hakuna anayeshuka. Mtoto atakayetungwa mimba wakati huo atakuwa mtoto wa moto, haishi. Hii hakuna aliyefundishwa. Ulizaliwa ukakuta iko, kama unavyokuta kaskazini na kusini.

Nilikaa kwa mama mwezi mzima. Mikono ilipasuka kwa maji baridi ya asubuhi. Mkaa ulichomwa wa mti wa mubanga, ule mzito unaotoa moto mkali bila moshi mwingi. Mivukuto ilishonwa kwa ngozi za swala, mipya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeliwa na panya miaka yote ya katazo. Wazee walibishana juu ya kila kitu: unene wa ukuta, matundu ya upepo, upande wa mdomo. Walikuwa wamesahau kidogo na hawakutaka kukubali. Mara mbili ukuta ulianguka, wakalaumiana, wakakumbuka kuwa kugombana ni mwiko, wakanyamaza kwa hasira.

Jumapili moja mume wangu alikuja kutoka kambini, amevaa vizuri, na nikamkatalia mlango.

"Sasa mi niliingia upadri?" akapiga kelele uani. "Mi mutu wa Kasai, tanuru yenu inanihusu nini?"

Kambo alimjibu kutoka juu kilimani, sauti ikashuka mpaka kwa majirani wote: "Mwizi! Bibi anaosha jiwe yangu! Utalala na mutungi wako wa pombe ya munkoyo mpaka nivunje!"

Kijiji kizima kilisikia. Mpaka nivunje. Karani alikuwa hapohapo siku hiyo, amekuja kuangalia kazi imefika wapi, naye alicheka mpaka kofia ikamtoka. Bwana wa teritwari naye alikuja mara mbili. Alipima tanuru kwa utepe, akalichora, akauliza urefu, akauliza jina la udongo, akauliza upepo unaingia wapi. Hakuna hata siku moja aliyouliza, mkimaliza mnafanya nini. Alikuwa anatazama kitu, hakuwatazama watu waliokifanya. Na huyo ndiye anayeitwa mtunzaji.

Siku ya wageni ilifika. Waliletwa kwa magari kutoka stesheni, wanaume wa suti nyeupe, wanawake wa miwani nyeusi na kamera za kifuani. Viti vilipangwa kivulini kwa turubai. Sisi tuliambiwa tusivae kanga mpya wala blauzi, tuvae vya zamani. Mama yangu akauliza vya zamani vipi, karani akasema, vile vya gome la mti. Mama akamwambia, mwanangu, gome nililivaa lini? Mwisho tulifunga vitambaa vyeusi tukavuliwa viatu. Mimi niliambiwa niondoe saa ya mkononi ambayo mume wangu alininunulia. Nikaifunga kwenye pindo la kitambaa. Nilikataa kuiacha nyumbani.

Lakini moto ulipowaka nilisahau wageni. Acha niseme ukweli, nilikuwa sijauona maishani. Wanaume walipiga mivukuto kwa zamu, wanaimba maneno ambayo mimi nilijua nusu tu. Ukuta ukawa mwekundu kwa ndani, ukaonekana kama kibuyu chenye taa. Jasho lilimtoka kambo likakauka likaacha chumvi mgongoni. Jua lilipopinda akatoboa mdomo wa tanuru kwa ufito mbichi, na shaba ikatoka. Ilitoka polepole, yenye rangi ambayo siwezi kuiita jina, ikateremka kwenye mfereji ikajaza kalibu ya msalaba kwenye mchanga. Mama yangu, yule aliyekataa, alilia. Wageni walisimama wakapiga makofi. Bwana wa teritwari alikuwa anawaonyesha kwa fimbo yake, uso umejaa fahari, kana kwamba ni yeye aliyezaa.

Halafu kambo akashika gogo.

Aliwaita mababu kwa majina, akalipiga tanuru pigo la kwanza begani. Ukuta ukapasuka. Wanaume wakapiga mayowe ya furaha, maana mwezi mzima walikuwa hawajalala kwao, na sisi wanawake tukapiga vigelegele. Wageni waliendelea kupiga makofi! Walidhani ni mwisho wa ngoma. Mwanamke mmoja wa kizungu alikimbia karibu ili apige picha vizuri. Aliyesimama peke yake mdomo wazi alikuwa bwana wa teritwari. Alipopata sauti, tanuru lilikuwa limefika magotini.

Karani alikuja mbio, tai imeruka begani.

"Tata! Tata! Unaharibu nini?"

"Naharibu?" kambo akasema, anahema. "Namaliza."

"Bwana anauliza, juu ya nini umevunja kitu alisema atachunga?"

Kambo akamtazama kama anamtazama mgonjwa. "Mwambie watu wanataka kwenda kwao."

Karani akasema maneno ya Kifaransa, mengi kuliko yale ya kambo. Mzungu akajibu mafupi.

"Bwana anasema, sasa atachunga nini?"

Kambo akainua kidevu akaonyesha kwa midomo, kama wazee wanavyoonyesha: kilima, lundo, kijito, mwamba wa kuoshea mawe, nyumba zetu. "Ile."

"Ile ni majani na mavi ya shaba," karani akasema. Huyo hakusubiri mzungu. Hilo lilikuwa jibu lake mwenyewe.

"Kiangazi kingine nitajenga ingine, palepale. Na kingine tena. Nikikufa, huyu atajenga." Akamshika mkono mjomba wangu.

"Kitu cha ukumbusho hakijengwi kila mwaka, tata."

"Sasa kinaishi namna gani?"

Karani akageuka akamrudia bwana wake. Waliwapandisha wageni magari, viti vikabebwa. Msalaba wa shaba waliuchukua ungali wa moto, umezungushwa kwenye mfuko wa gunia.

Basi hukumu ikawa hiyo. Mmevunja wenyewe, hakuna cha kutunza tena. Kambo alitembea mpaka Kolwezi, ofisini, akakaa nje kwenye benchi mpaka wakafunga milango. Alirudi tena na tena. Alipopata kusikilizwa aliahidi kujenga tanuru lingine na kuliacha limesimama, na yeye mwenyewe kulala pembeni yake mpaka kufa, asirudi nyumbani, ili watoto wasidhurike. Fikirini mzee anasema hivyo mbele ya ofisa. Karani alimwambia arudi kulima.

Na mimi niseme jambo ambalo wasimulizi wenye mashati safi hawalisemi. Barabara ya mashine ilikuwa imekwisha kulimwa mpaka karibu na mguu wa kilima kabla ya wageni kuja. Nilipita juu yake kila nilipotoka Musonoi. Nani analima barabara kwenda mahali ambapo mashine haitagusa? Kama kweli walipenda ya kale, lundo lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko serikali yao. Mwamba ule ulichongwa na makalio na mikono ya wanawake ambao hata mama yangu hakujua majina yao. Yote yalikuwa yamesimama, hayakuvunjwa na mtu. Wao walitaka chungu, jiko wakalitupa, na leo mpishi ndiye anayelaumiwa.

Tulihamishwa kabla ya mvua. Nyumba zilipangwa kando ya barabara, zote zinatazama upande mmoja, vumbi la malori linaingia kwenye bukari, ugali wetu. Hakuna kijito, kuna bomba moja na mstari wa ndoo. Kambo alikaa mlangoni akiwa ameipa barabara mgongo.

Mashine iliyoanza kula kilima ilikuwa ileile aliyoipaka mafuta mume wangu. Aliniambia mwenyewe, wakati wa chakula, bila kuinua macho.

"Tulianza ku lundo," akasema.

"Lilikuwaje?"

"Lilikuwa jepesi. Kampuni inasema ata mule kungali shaba, wataipika tena."

"Na mwamba wa mama?"

Akaosha mikono. "Kazi ni kazi, mama. Nikikatala, kesho mwengine anashika kopo ya mafuta, na sisi tunatoka mu nyumba."

Alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Sikuwa na mtu wa kumpiga. Nilimwekea bukari yake, nikaenda kulia kwa jirani.

Mwaka uliofuata, kampuni au serikali, sijui nani, wakajenga tanuru la saruji kwenye bustani ya ile hoteli ya wazungu. Walifuata mchoro wa bwana wa teritwari, urefu uleule, matundu yaleyale. Ndani walitia balbu nyekundu ya umeme. Karani alitumwa kwa kambo: aje akae pale Jumamosi, avae ngozi, apige mvukuto wageni wapige picha. Kambo akamuuliza swali moja tu, atalivunja lini. Karani akasema halivunjwi, ni saruji. Kambo akageuza tena mgongo, na karani akaenda zake.

Mimi nilikuwa napeleka mayai jikoni pale hotelini. Jumamosi moja nikapita kando ya bustani, nikaona mzee amekaa kando ya tanuru la saruji, ngozi ya swala kiunoni, chokaa usoni. Nikatazama vizuri. Nilimjua! Alikuwa anauza samaki wakavu wa mto Lualaba kwenye soko la Dilala.

"Tata," nikamwambia kupitia ua, "we si muuza samaki?"

Akatazama huku na huku. "Pole pole, mama. Hapa mi ni mwenye moto."

"Mwenye moto wa wapi? Ulishapika shaba lini?"

"Nilishapika samaki," akasema. "Banatafuta muzee, mi niko muzee. Ungetaka balete kijana?"

Nilitaka kumtukana. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi, na ulimi wangu unajulikana. Lakini niliona mguu wake umevimba, na ile ngozi ilikuwa imemchuna ubavuni, na mvukuto ameushika kama mtu anayeshika kuku wa jirani.

"Usishike hivyo," nikasema.

"Namna gani?"

"Kiganja juu, kidole gumba ndani ya ukanda. Unavuta kwa bega, si kwa kiwiko. Kama utadanganya kwa kazi yetu, danganya vizuri."

Akajaribu. Nikamrudisha. Akajaribu tena mpaka ikawa sawa. Nikamwambia na mambo mengine: mti wa mubanga, kichuguu, mwezi wa kulala mbali na mke. Hapo akacheka akasema kwake ni miaka sasa, bila tanuru. Nikamwambia ya kuvunja, na kwa nini. Akaacha kucheka.

"Hii nikiivunja, nitakula nini?"

"Sikukwambia uivunje. Nakwambia wakikuuliza iko wapi ile ya kweli, usiseme Basanga walikosa akili. Sema: ilivunjwa ili watu warudi kwao, na kilima kilichobaki mulikichukua ninyi."

"Nitasema hivyo?"

"Utasema."

Wageni walikuwa wanakuja kwenye njia ya changarawe, karani mbele yao. Nikarudi nyuma ya ua na kikapu changu, nikasubiri. Mzee alipiga mvukuto kama nilivyomwonyesha, kwa bega. Kamera zikalia. Kisha mwanamume mmoja wa suti nyeupe akauliza jambo, karani akaligeuza, na yule muuza samaki, mtu ambaye si wa kabila letu, akasimama. Akasema yote. Aliyasema kwa sauti, kwa Kiswahili safi, akanyoosha mkono mpaka upande kilipokuwa kilima, mahali ambapo siku hiyo vumbi jekundu lilikuwa linapanda.

Karani akaangaza macho huku na huku. Akaniona nyuma ya ua. Kisha akawageukia wageni akasema kwa Kifaransa, akitabasamu, na wageni wote wakacheka na kupiga makofi, mwanamke mmoja akampigapiga mzee begani.

Mimi Kifaransa sikijui. Lakini maneno ya muuza samaki niliyatunga mwenyewe, neno kwa neno, na ndani yake hamna mahali pa kucheka.